Nani Analipa, na Analipia Wapi: Mhadhara Kuhusu Serikali, Shule na Zahanati Zetu

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, walimu wakuu, wazee wangu, akina mama, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya serikali katika sera za jamii na uchumi. Mada hii imezoeleka kuanza na mabishano: upande huu serikali, upande ule soko, na msikilizaji achague timu. Mimi naomba tuanze na swali ambalo mama yeyote mwenye mtoto wa shule analijua: nani analipa, analipia wapi, na analipa lini. Chaki inanunuliwa. Mwalimu anadai mshahara wake. Mabomba ya sindano yanaagizwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo malipo yapo siku zote. Kazi kubwa ya serikali, na hili ndilo nililokuja kulisema, ni kuhakikisha malipo hayo hayamkuti mtu mlangoni, siku ya shida yake, akiwa peke yake. Yakusanywe mapema, kutoka kwa wote, kila mmoja kwa uwezo wake, kisha yafike kwenye huduma kwa wakati. Hilo lisipofanyika, hata waraka ukiandikwa vizuri namna gani, mwananchi atakuta bili mlangoni kwa jina jingine.

Tanzania tuna bahati ya kuwa na ushahidi wa kutosha, kwa sababu ndani ya maisha ya mtu mmoja tumejaribu karibu kila njia.

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, serikali ilijitwika mzigo wote. Adui walitajwa kwa majina: ujinga, umaskini na maradhi. Novemba 1974 kikao cha TANU, chama tawala cha wakati ule, kule Musoma kikaamua kila mtoto aanze shule ya msingi ifikapo 1977, wakati nchi haikuwa na madarasa ya kutosha wala walimu wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Walibezwa, mpaka leo kuna watu wakitaka kumdharau mwalimu humwita mwalimu wa UPE, yaani wa mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote. Mimi nawaheshimu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji wa shule za msingi ulikaribia asilimia 100, katika nchi ambayo kizazi kimoja kabla yake kusoma kulikuwa jambo la wachache.

Na kazi ya serikali wakati ule haikuwa kutoa fedha tu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio vijijini, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kusafisha visima. Jembe lilikuwa la mwanakijiji mwenyewe. Serikali ilileta redio, kijitabu, kiongozi wa kikundi na utaratibu. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka, nawaona mnatikisa vichwa. Ni moja ya kazi bora ambazo dola imewahi kuifanyia nchi hii, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Lakini nisiwadanganye kwamba yote yalikwenda sawa. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita ya Kagera ikala fedha za kigeni za miaka mingi. Hayo yalitoka nje. Mengine tulijifanyia wenyewe: halmashauri zilifutwa 1972, vyama vya ushirika vikafutwa 1976, mkulima akabaki anauza kwa bodi inayomcheleweshea malipo kwa bei isiyomtosha. Serikali ikawa imejipa kazi ya kuuza hadi sukari na vitenge, na wakati huo huo ikaua vyombo ambavyo wananchi walivitumia kuisimamia. Hapo ndipo kosa lilipo. Dola iliyobeba kila kitu bila mtu wa kuiuliza ilichoka, na ilipochoka, cha kwanza kuachiwa kilikuwa zahanati na shule.

Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka iliyofuata likaja neno la uchangiaji. Ada zikarudi shuleni. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza. Hoja ilisikika ya busara: serikali haina uwezo, mwananchi achangie kidogo.

Kidogo hicho kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 2,000 kwa mwaka. Waliosoma miaka ya 1990 wanajua ilivyokuwa. Asubuhi mstarini mwalimu ana karatasi, anasoma majina, waliotajwa wanarudi nyumbani kufuata ada. Mtoto anafika nyumbani, baba yuko shamba, mahindi hayajakomaa, hakuna cha kuuza. Anakaa wiki. Akirudi darasani wenzake wameshamaliza sehemu. Anatajwa tena. Mara ya tatu au ya nne anaacha kwenda, na hakuna aliyemfukuza. Nyumba yenye watoto wanne ilikuwa inachagua, na mara nyingi binti ndiye aliyebaki kulea wadogo zake na kuchota maji. Kufikia mwaka 2000, watoto takriban 6 tu kati ya 10 wenye umri wa shule ya msingi ndio walikuwa darasani. Nchi iliyokaribia kuwafikisha wote ilikuwa imerudi nyuma kiasi hicho bila vita na bila tauni, kwa ada ya shilingi 2,000 na michango iliyoandamana nayo, na kwa shule ambazo zilikuwa zimeshachakaa hata kwa aliyeweza kulipa.

Kisha ikaja MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na serikali ikaifuta ada hiyo. Wanafunzi wa shule za msingi mwaka 2000 walikuwa karibu milioni 4.4. Mwaka 2005 walikuwa zaidi ya milioni 7. Watoto hao hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwepo, mitaani na vijijini kwetu, wakisubiri mlango ufunguliwe. Jirani zetu wa Kenya walifuta ada Januari 2003, nako wakafurika. Mwaka mmoja baadaye Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, mwenye umri wa miaka 84, akavaa kaptula ya shule na kuketi darasa la kwanza na watoto.

Ninawaomba wachumi wanaotuandikia ripoti waangalie takwimu hizo kabla hawajatuambia tena kwamba mtu akilipa ndipo anathamini. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi mno, na kwa kawaida hutoka kwa mtu ambaye shilingi 2,000 kwake ni nauli. Huyo mama anayeambiwa achangie ili athamini ameshabeba mchanga kichwani siku ya msaragambo. Amesomba maji ya kufyatulia tofali. Amenunua sare, daftari na viatu. Kila akinunua sabuni na kila akipanda basi analipa kodi, ingawa hakuna anayempa risiti ya shukrani.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu zaidi, kwa sababu kufuta ada ni nusu ya kazi, na ni nusu iliyo rahisi. Inahitaji tangazo moja la Rais. Nusu ya pili inahitaji fedha kila mwezi.

Ada ilipofutwa, serikali iliahidi kuziba pengo kwa ruzuku: shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Wakati huo dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipopanuliwa hadi kidato cha nne, kiwango kilikuwa bado ni kile kile cha shilingi 10,000, na dola ilikuwa inakaribia shilingi 2,200. Chaki imepanda, karatasi zimepanda, bati limepanda, msumari umepanda. Ruzuku imesimama. Hakuna kikao kilichoamua kuipunguza kwa zaidi ya nusu. Ilipungua yenyewe kimya kimya, na namna hiyo ya kupunguza ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu haina mtu wa kuulizwa.

Tupige hesabu ya shule moja yenye wanafunzi 600, ambayo kwa viwango vyetu si kubwa. Katika ile 10,000, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 ndizo huingia kwenye akaunti ya shule. Mara 600, ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Kwa laki tatu mwalimu mkuu anunue chaki, kalamu na rimu za karatasi, achapishe mitihani ya majaribio, atengeneze madawati, azibe bati linalovuja, apeleke timu kwenye michezo, na alipe nauli ya kwenda halmashauri kupeleka taarifa ya namna alivyozitumia. Mlinzi wa usiku hayumo. Mpishi hayumo. Walimu wakuu mliopo hapa, mnayapata wapi hayo mengine? Mnayapata kwa wazazi. Na hivyo bili imerudi mlangoni.

Nisisitize kwamba kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule, kama ilivyofanyika tangu 2016, lilikuwa jambo zuri. Kabla ya hapo fedha zilipita halmashauri, na zilikuwa zinafika pungufu, au zinafika Juni wakati zilihitajika Januari. Waliobuni njia hiyo wanastahili sifa. Njia imenyooka, kinachopita ndani yake ndicho kidogo.

Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, kwa sababu watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani tena kama miaka ya 1990. Ninaelewa hasira yake, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini marufuku haikuongeza rimu hata moja. Baadaye ikaelezwa kwamba wazazi wanaweza kuchanga kwa hiari yao, kwa kupitia uongozi wa serikali za mitaa, walimu wasihusike. Na hiari yetu sote tunaijua ilivyo.

Naomba niwaonyeshe kitu kimoja nilichokishuhudia katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja. Ni saa nne asubuhi. Uji uko tayari kwenye masufuria mawili makubwa, umepikwa kwa unga wa mahindi ambayo wazazi wameleta. Mwanafunzi wa zamu amesimama na daftari lenye majina. Mwenye alama ya vema anapita na kikombe chake. Asiye na alama anakaa chini ya mwarobaini. Siku hiyo chini ya mwarobaini walikuwa wengi, na wadogo kabisa hawakuwa wanacheza. Walikuwa wanaangalia vikombe vya wenzao. Mwalimu aliyenitembeza alisema kwa unyonge kwamba wakiwapa wote, wazazi waliochanga wataacha kuchanga. Hakuwa mkatili. Alikuwa amekabidhiwa kazi ya sera ya taifa bila senti ya kuitekelezea, na kazi hiyo ilimlazimisha kuchagua nani ashibe. Serikali iliyoacha uamuzi huo mikononi mwa mwalimu wa zamu haijajiondoa kwenye suala hilo. Imeamua, ila imemwachia mwingine kusimama mbele ya watoto.

Nenda zahanati utakuta habari hiyo hiyo. Sera yetu ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo wasilipe. Imeandikwa, ni msamaha halali. Lakini muulizeni binti yeyote aliyejifungua karibuni. Kliniki alipewa orodha: glovu, pamba, wembe, mpira wa kulalia, uzi wa kufungia kitovu, beseni. Akifika bila vitu hivyo anaambiwa mumewe akimbilie duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Muuguzi naye anasema kweli anaposema stoo hakuna. Mzee wa miaka 70 anaandikiwa dawa bure kwenye karatasi, halafu dirishani anaambiwa hakuna, kanunue nje. Kwa mtu mwenye fedha, hiyo ni kero. Kwa asiye nazo, ndiyo mwisho wa matibabu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, ulikuwa hatua nzuri kwa sababu ulikuwa unahamisha malipo kutoka siku ya ugonjwa kwenda siku ya mavuno. Shida ni kwamba mfuko wa hiari hujaza wagonjwa. Mwenye afya anasema atajiunga mwakani. Ndiyo maana naiunga mkono sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023, kwa sharti moja: kaya maskini walipiwe na serikali kweli, kwa fedha iliyotengwa, na wasiachwe kwenye orodha ya watakaolipiwa baadaye. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, inayo majina yao. Majina hayo yalipitishwa kwenye mikutano ya vijiji, mbele ya majirani wanaojuana. Kazi ya kuwatafuta imeshafanyika.

Mtaniuliza: fedha zitoke wapi? Swali la haki. Na hapa ndipo uchumi unapokutana na jamii, maana namna ya kukusanya ni sera sawa sawa na namna ya kutumia.

Julai 2021 serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala. Lengo lilikuwa jema: vituo vya afya kwenye tarafa, madarasa, barabara za vijijini. Lakini tozo ilimkuta nani? Kijana anayeuza maji stendi ya Ubungo, anayemtumia mama yake elfu ishirini Kondoa, alikatwa wakati wa kutuma, na mama akakatwa wakati wa kutoa. Fedha hiyo ilikuwa ndiyo sera ya jamii ya familia ile. Ilikuwa bima yao, pensheni yao, mkopo wao wa mbolea. Serikali ikaikata ili ijenge zahanati. Watu wakarudi kubeba noti, wakawapa makondakta bahasha kama zamani. Kelele zikawa nyingi, tozo ikashushwa Septemba mwaka ule ule, ikashushwa tena na tena. Nawapongeza walioshusha, na zaidi nawapongeza wananchi waliopiga kelele, kwa sababu walikuwa wanajadili bajeti ya nchi yao zaidi kuliko nilivyowahi kusikia kwenye daladala na vijiwe vya kahawa.

Mwezi Oktoba 2021 zikatangazwa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani ya miezi michache yakajengwa madarasa 15,000. Nimeyaona baadhi, ni madarasa ya kuheshimika, yana vigae. Inaonyesha serikali hii ikiamua, inaweza. Ila darasa linajengwa mara moja, na mwalimu analipwa kila mwezi. Mkopo hauwezi kununua chaki ya miaka 20. Kinachoweza ni kodi ya kudumu inayomfikia mwenye nyumba za kupangisha, mwenye mgodi, mwenye kampuni inayosamehewa kodi kwa miaka mingi kwa jina la uwekezaji, kabla haijamfikia muuza maji wa Ubungo.

Kuna jambo jingine linaloniuma, na nitalisema mbele yenu waheshimiwa kwa heshima zote. Wengi wetu tunaopitisha bajeti, tunaoandika miongozo, na hata tunaofundisha kwenye shule hizi, watoto wetu hawasomi humo. Wako kwenye basi la njano saa kumi na moja alfajiri kwenda shule za kulipia. Simlaumu mzazi, kila mmoja anamtafutia mtoto wake kilicho bora, na matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, yaliwatisha wengi. Lakini mwenye sauti akishaondoka shule ya kata, hakuna anayempigia simu mkurugenzi kuuliza kwa nini mwalimu wa hisabati hayupo tangu Machi. Wanaobaki ni wale ambao hawana namba ya mkurugenzi.

Kwa hiyo nawaombeni mambo haya. Waheshimiwa madiwani, bajeti ijayo ipelekeni na azimio la kutaka ruzuku ya mwanafunzi ipandishwe kulingana na bei za sokoni kila mwaka, kama tunavyofanya kwa mafuta ya petroli ambayo bei yake inatangazwa upya kila mwezi. Chakula cha mchana shuleni kiwe na kifungu chake kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, hata kama tutaanza na madarasa ya awali na la kwanza peke yake. Walimu wakuu, fedha inapoingia, bandikeni kiasi na matumizi kwenye ubao wa matangazo, kwa mwandiko unaosomeka kutoka nje ya ofisi. Waganga wafawidhi, vivyo hivyo kwa dawa: kilichoagizwa, kilichofika, kilichokosekana.

Na sisi wananchi, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Mikutano mingi inahudhuriwa na wazee saba na mbwa wa mwenyekiti, kisha muhtasari unaandikwa kwamba akidi ilitimia. Twendeni. Twende tukiwa na hesabu mkononi: wanafunzi ni wangapi, ruzuku ilipaswa kuwa kiasi gani, iliingia lini, na wale wa chini ya mwarobaini watakula kwa fungu lipi.

Mwenyekiti, nimebakiza muda wa maswali. Kama utaridhia, naomba tuanze na walimu wakuu, halafu wale wanafunzi waliosimama tangu asubuhi.